Zamu ya Zabibu na Mashine ya Pumzi

Fundi Alimasi alikuwa na wake wawili, nyumba mbili na mashine mbili. Mashine ya kwanza ilikuwa cherehani yake, iliyokaa dukani Kamalondo ikishona abakosti, suti zisizovaliwa na tai, za wakubwa wa mji. Ya pili ilikuwa mashine ya pumzi, na hiyo ndiyo iliyotaka kumnyang'anya Zabibu, mke mkubwa, zamu yake.

Msiniambie kwamba kukoroma si ugonjwa. Kukoroma kwa Alimasi kulipita ukuta, kukavuka uwanja, kukafika kwa majirani, nao walikuwa wamekuzoea kama walivyozoea honi ya kiwandani. Ila siku moja daktari mmoja alikwenda dukani kupimwa suruali, akamkuta fundi amelala wima, chaki mkononi, pini mdomoni. Daktari akazitoa zile pini moja moja kabla hajamwamsha. Akamweleza kwamba mtu anayelala mchana kwa namna hiyo hajalala usiku, hata kama alikuwa kitandani tangu isha: koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka, anaamka bila kujua, kisha mambo yanaanza upya mpaka kunakucha.

Alimasi hakuamini, maana fundi mzuri haamini kipimo asichopima mwenyewe. Aliamini siku aliposinzia kazini akashona mkono wa abakosti ya Sitwayeni Numbi, yaani Mwananchi Numbi, mwenyekiti wa Chama tawala mtaani, pamoja na mfuko wake. Sitwayeni Numbi akavaa nguo mpya, akasimama mbele ya bendera, akataka kunyoosha mkono wakati wa wimbo, mkono ukakataa. Mtaa mzima ulimwona mwenyekiti akiimba na mkono mfukoni. Miaka ile watu walikuwa wameitwa kuulizwa maswali kwa makosa madogo kuliko hayo. Alimasi aliomba radhi mara nyingi, akaifumua nguo na kuishona upya bure, na jioni hiyo hiyo akamwandikia mdogo wake Bahati, muuguzi kule Liège, Ubelgiji, amtafutie mashine aliyotajiwa na daktari.

Mashine ikafika imeviringishwa ndani ya blanketi. Ilikuwa sanduku zito, lenye mpira mrefu na barakoa ya kufunika pua, yenye mikanda ya kukaza kisogoni. Ukiiwasha, inavuma na kusukuma upepo puani ili koo lisijifunge. Usiku wa kwanza Zabibu alipomwona mume wake amevaa kitu kile, amekaa kitandani na singlendi yake, uso wa heshima, alicheka mpaka akashika ukuta. Alimasi akamwuliza kitu kwa ukali, lakini ndani ya barakoa ukali wote uligeuka mluzi, na Zabibu akaanza kucheka upya.

Sasa, mwenye wake wawili lazima agawe usiku sawasawa, na Alimasi alikuwa mtu wa haki hadi katika sabuni na sukari. Siku mbili alilala Kamalondo kwa Zabibu, siku mbili mtaa uitwao Kenya kwa Alima, mke mdogo aliyeolewa miaka minne iliyopita. Kwa hiyo mashine nayo ikapata zamu. Siku ya kuhama, baada ya alasiri, Kunda wa mkokoteni aliifunga kamba na kuisukuma barabarani, na fundi akafuata nyuma, mkono mmoja juu ya blanketi, akiitikia salamu. Watoto hawakuhitaji tena kuuliza. Wakiona mkokoteni unaelekea upande wa Kenya, wanatangaza kwamba leo fundi analala kwa mama mdogo.

Kwa Alima mashine ilifanya kazi yake. Fundi alijilaza baada ya isha, akaamka kwa sala ya alfajiri, uso umekunjuka, akashona siku nzima bila kusinzia. Kwa Zabibu usingizi ulikuja upesi vile vile, ila haukukaa. Alilala akashtuka, akalala akashtuka, na adhana ilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, barakoa usoni, akiitazama sakafu kama mtu aliyepokea habari mbaya.

Walijaribu kila kitu. Walibadilisha mto. Waligeuza kitanda kikatazama mlango, kisha kikatazama dirisha. Zabibu alihamisha kuku wake kutoka nyuma ya chumba, akapiga deki kwa maji ya ndimu, akafukiza ubani hadi mashine ikavuta ule moshi na kumjaza mume wake puani. Daktari akakagua barakoa, akasema haivuji. Kwa Zabibu Alimasi aliendelea kuamka, na kwa Alima aliendelea kulala.

Pale bombani wanawake walikuwa na jibu lao tayari. Walisema mashine ya Wazungu haina adabu lakini haidanganyi, inajua mahali mwili wa mwanamume unapopumzika. Zabibu aliyasikia hayo akiwa na ndoo kichwani, na hakupepesa jicho. Alifika nyumbani, akaitua ndoo, akalia kidogo, kisha akaenda kukanda unga wa mikate.

Alikuwa anakaanga mikate hiyo Jumatano, mwenyewe akisinzia juu ya mafuta kama kawaida yake, Alimasi alipovuta kigoda na kukaa karibu. Hakuwa na kawaida ya kukaa jikoni. Zabibu akajua kwamba kuna neno.

"Mama Sefu," akasema, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "nilienda kwa Mwalimu Amadi. Anasema mugonjwa anaweza kulala ku nyumba moya, kama bibi mwingine anamupa ruhusa."

Zabibu akageuza mkate mmoja, ingawa haukuwa umeiva.

"Na mi nitabakia na nini?"

"Nitakuya kila siku muchana. Tutakula pamoya. Haki yako yote nitaleta."

"Muchana hata fakteri anakuyaka, Baba Sefu."

Alimasi, aliyelinganishwa na mleta barua, akachukua mkate wa moto, akajiunguza, akaushika hivyo hivyo. Zabibu alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu na mabega yaliyoanguka, na hakuna mteja anayempa kitambaa chake fundi anayelala. Akimnyima ruhusa, mji mzima utasema kwamba Zabibu anamuua mume wake kwa wivu. Akimpa, atakuwa mke wa mchana. Watu wengine hudhani zamu ni jambo la vijana tu. Zabibu aliipenda ile nusu saa ya giza, kabla usingizi haujamchukua mume wake, walipokuwa wakiulizana Sefu ameandika nini kutoka Kisangani, nani amekufa, nani ameoa, na paa litaezekwa lini. Hayo hayasemwi mchana juu ya sahani ya bukari, ugali wa kwetu. Mke mkubwa asiye na zamu anageuka shangazi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ngoja Ijumaa," akasema. "Mwalimu akuye. Alima akuye. Na Shangazi Mawazo. Ulale hapa, muchana, bote baangalie. Kama nyumba yangu iko na kilema, banionyeshe. Halafu nitatoa ruhusa."

Mwalimu Amadi wa msikitini alikuwa ameshaamua kesi za mirathi, za mahari, na moja ya mbuzi aliyekula Juzuu Amma. Kesi ya usingizi hakuwahi kuletewa. Hata hivyo alikuja baada ya sala ya Ijumaa, akala pamoja na wengine, maana Zabibu alikuwa amepika kwa kusudi: bukari, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Kasenga, chakula kinachokulaza hata ukiwa na deni. Kisha Mwalimu akakaa barazani, akaupa mlango kisogo na tasbihi mkononi, pazia likashushwa. Ndani walibaki Alima na Shangazi Mawazo, dada wa marehemu baba yake Alimasi, mwanamke mnene mwenye ulimi mrefu na macho yaliyokuwa bado mazuri. Fundi akajilaza mkekani, akafungwa barakoa, mashine ikawashwa.

Alilala kabla Shangazi hajamaliza kukunja miguu.

Kumtazama mtu aliyelala ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Hakuna cha kutazama. Shangazi alihesabu mabati, Alima akampepea nzi, na Zabibu aliyakaza macho kwenye kope za mume wake akiziomba zifumbuke kidogo tu, halafu akajiuliza kwa nini anaomba hivyo wakati kufumbuka kwake ndiko kutakakomhukumu.

"Ameamuka?" Mwalimu akauliza kutoka nje.

"Bado, Mwalimu."

Baada ya muda: "Na sasa?"

"Bado."

Kisha Mwalimu akaacha kuuliza. Shangazi akachungulia pembeni ya pazia, akamkuta kidevu kimeangukia kifuani na tasbihi imeangukia sakafuni. Samaki wa Kasenga hawachagui mtu. Alimasi naye alikuwa bado amelala, hajageuka hata upande, mashine inavuma taratibu.

"Yaya," Alima akanong'ona, akimwita Zabibu dada mkubwa, "nyumba yako iko muzuri. Haiko na kitu."

Alisema kwa wema, na wema wake ukamchoma Zabibu kuliko tusi. Kama nyumba ni nzima, basi kilema ni yeye. Alikuwa ameita mashahidi kwa mdomo wake mwenyewe waje wamwone akishindwa.

Shangazi Mawazo ndiye aliyeuliza swali ambalo wanaume wawili na daktari hawakuwa wameliuliza. "Na usiku, Alimasi analalaka hapa peke yake?"

"Hapana. Tunalala bote."

"Basi lala. Tunaangalia nini sasa, kazi nusu?"

Zabibu akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kulala mbele ya mke mwenza si jambo la kusimulia. Ila Shangazi alikuwa ameshatandika mkeka wa pili, na mtu aliyekaanga mikate tangu alfajiri kwa miaka mingi ana usingizi wake karibu siku zote, unamsubiri kama mbwa mlangoni. Akajifunika kitenge mpaka kidevuni, akajisemea kwamba atafumba macho tu, kwa kuwaridhisha.

Yaliyofuata Zabibu hakuyaona. Alihadithiwa na Shangazi Mawazo, mara nyingi kuliko alivyopenda.

Alilala, alisema Shangazi, na haukupita muda mrefu mkono wake wa kulia ukatoka ndani ya kitenge. Ukapapasa mkeka, ukapanda juu ya kifua cha Alimasi, ukatulia hapo. Fundi hakuwa anakoroma, maana mashine ilikuwa imelifungua koo lake. Mkono ukangoja. Ukangoja tena, kama unasikiliza. Kisha Zabibu, macho yamefumba kabisa, akakunja kiwiko na kumpiga mume wake mbavuni kwa nguvu ya mwanamke anayetwanga.

Alimasi akaruka akakaa kitako, barakoa imekwenda upande, upepo unampuliza sikioni.

"Pumua, Baba Sefu," Zabibu akasema usingizini, akameza mate, akaendelea kulala.

Shangazi akaziba mdomo wa Alimasi kwa kiganja, akamlaza tena, akamrekebishia barakoa. Mkono ukatoka mara ya pili. Ukangoja, haukusikia mkoromo, kiwiko kikashuka. Mara ya tatu Alima, ambaye mwanzoni alikuwa anauma kanga yake asicheke, hakuwa anacheka tena.

Zabibu aliamka akakuta nyuso tatu juu yake. Akajua amehukumiwa.

"Nimefanya nini?"

"Unamupiga," Shangazi akasema.

"Nani?"

"Bwana yako. Muzuri kabisa unamupiga. Kikulacho kiko nguoni mwako, njo ile wazee balisema."

Ilibidi wamwonyeshe, Shangazi akawa Zabibu na Alima akawa Alimasi, kiwiko na yote. Zabibu alitazama mchezo huo na kitu cha zamani kikamrudia polepole. Akasema kwamba katika mwaka wao wa kwanza, kabla Sefu hajazaliwa, usiku mmoja mkoromo ulikatika. Yeye akausubiri urudi, na haukurudi. Aliwasha taa, akakuta uso wa Alimasi umebadilika rangi na mdomo uko wazi bila pumzi. Alimpiga ngumi, akampiga tena, mpaka akavuta hewa kama mtu anayetolewa mtoni. Asubuhi alikimbia kwa mama yake kumweleza, na mama yake akamwambia, basi uwe unasikiliza.

"Nikasikiliza," Zabibu akasema. "Kukikatika, ninamupiga. Nilizani niliachaka zamani, juu sikumbukake tena."

Alimasi alikuwa ameshika ubavu wake; siku zote alidhani anashtushwa na koo lake mwenyewe, kama daktari alivyosema. "Karibu miaka makumi mbili. Hukuniambia."

"Nikuambie nini? Asubuhi ulikuwa muzima."

Mashine ilikuwa bado inavuma, inaupulizia mkeka upepo. Kisha Alima akasema, kwa sauti ambayo ilibidi wainame kuisikia, "Kwangu mi ninatiaka pamba mu masikio. Ile pamba ya mabega ya abakosti. Tangu siku ya kwanza."

Hapo wote wakakumbuka. Kabla ya mashine, kila mara Alimasi alipotoka Kenya alikuwa akirudi na kichwa kinachopasuka na macho kama pilipili, na mtaa ulikuwa umecheka sana na kusifu ujana wa bibi arusi. Zabibu mwenyewe alikuwa ameyameza maneno hayo kwa miaka minne. Kumbe kule mtu wao alikuwa anazama peke yake kila usiku, bila kiwiko cha kumrudisha, na huku ndiko alikokuwa anaponea. Alima akaanza kulia. Zabibu alikuwa ameingoja siku ya kumwona Alima akilia, alikuwa hata ameiombea, na sasa imefika akaona haina utamu wowote. Akampa pindo la kitenge chake ajifute.

Kilio kikamwamsha Mwalimu Amadi. Akakohoa kwa heshima, akaokota tasbihi, akataka kujua shauri limefika wapi. Shangazi akamweleza kupitia pazia, na Mwalimu akazipitisha punje za tasbihi vidoleni mpaka ya mwisho.

"Mwenye kulala haandikiwi kosa," akasema mwishoni. "Ule mukono hauna kesi. Lakini ugonjwa bado uko. Atalala namna gani?"

Shangazi akashauri mkono wa Zabibu ufungwe kitandani kwa futi ya fundi. Alimasi akakataa. Shangazi akashauri pamba, na Alima akakataa. Zabibu alikuwa anakitazama kiganja chake, kile kile kilichokuwa kinamnyima mume wake usingizi aliouhitaji, na alijua hatakiweza, maana mtu hawezi kukionya kitu kinachofanya kazi yeye akiwa hayupo. Moyo ukamuuma, lakini safari hii haukumuuma kwa ajili yake mwenyewe.

"Ninakupa ruhusa," akasema. "Ulale kwa Alima. Mbele ya Mwalimu ninasema, na sina kinyongo. Mi nitakuuwa na huu mukono."

"Siitake."

"Baba Sefu, uliomba mwenyewe."

"Niliomba juu sikujua." Alimasi akauvuta mkono wa Zabibu, mbele ya shangazi yake na mbele ya mke wake mdogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya arusi. Akajifunga barakoa tena, akauchukua ule mpira mrefu wa mashine na kuuweka katika kiganja cha Zabibu, akavifunga vidole vyake juu yake. Kisha akalala chali na kupumua.

Zabibu akahisi. Mpira ulikuwa wa uvuguvugu kidogo, na ndani yake upepo ulilegea Alimasi alipovuta pumzi, ukakaza alipoitoa. Ulilegea, ukakaza. Ilikuwa wazi kuliko mkoromo, na haikukatika.

"Umesikia?" sauti ya barakoa ikauliza, nusu neno, nusu mluzi.

"Nimesikia," akasema.

Usiku huo ulikuwa zamu yake, na alilala ameshika mpira.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, mtaa mzima unatoka na majembe na mafagio kusafisha barabara, watu watake wasitake. Zabibu alifumbua macho akaona jua limeshafika katikati ya ukuta. Hakuwa amewahi kuliona jua mahali hapo akiwa kitandani, labda siku za uzazi. Mikate haikukaangwa. Mpira ulikuwa bado mkononi, mashine imezimwa, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Kabla hajainuka alisikia sauti ya Shangazi Mawazo dirishani.

"Alimasi, macho yako iko mwekundu tena. Alikupiga?"

"Hapana. Hakunigusa hata kidogo," Alimasi akajibu, kwa sauti ya chini. "Alilala. Lakini Shangazi, anakoroma. Kumbe bibi yangu anakoromaka. Mi sikulala hata dakika. Ongea polepole."

"Sasa juu ya nini hukumuamusha?"

Zabibu akamsikia akiwaambia watu wa mafagio, kwa adabu nyingi, wafagie taratibu karibu na dirisha hilo, kisha akarudi kwa shangazi yake.

"Ye aliniamushaka ili nisikufe," akasema. "Mi nimuamushe juu ya nini, ili nilale?"

Zabibu aliona aibu ya kukoroma, akaona na furaha, na furaha ikawa kubwa. Nje mafagio yalipita polepole. Akavuta kitenge, akageukia ukutani, akalala tena.